Kupunguza mikunjo kwenye picha ya bibi wa miaka 70 bila kumgeuza sanamu

FundiPicha_Moro

Habari za humu wakuu. Nina picha ya bibi wa miaka 70, kuanzia kifuani kwenda juu, na familia inataka ichapwe A2 iwekwe kwenye fremu kwa ajili ya shughuli ya kumpongeza. Kamera ni ya megapikseli 24, lenzi 85 mm, f/5.6, faili ni RAW (data ghafi ya kamera) la pikseli 4,000 kwa 6,000, na uso una urefu wa pikseli 1,900 hivi. Taa ni moja tu, softiboksi ya sm 60 kwa 90, ilikaa kushoto kwake kama mita mbili, na upande wa pili hapakuwa na riflekta (ubao wa kurudisha mwanga). Bibi ni mweusi, paji la uso na mashavu yanang'aa, amefunga kilemba chekundu na anatabasamu vizuri sana.

Wanawe wanataka mikunjo ipungue, na papo hapo wanataka mama yao abaki mama yao. Nilianza kwa kufifisha ngozi yote kwa Gaussian Blur na kuipaka kwa maski (weupe huonyesha badiliko, weusi hulificha). Mikunjo imeondoka lakini uso umekuwa kama mshumaa: vinyweleo hakuna, na shingo haifanani tena na uso. Nimefuta, nimerudi kwenye faili la mwanzo.

Nauliza: mikunjo ipi iguswe na ipi iachwe? Njia ipi inafaa hapa, brashi ya plasta (Healing Brush), kutenganisha picha kwenye leya mbili (tabaka moja ya umbile dogo, nyingine ya umbo na rangi), au kufanya kazi kwa mwanga na kivuli? Na kwa kiasi gani? Natumia Photoshop, ila msaidizi wangu ana GIMP, kwa hiyo mkigusa zote mbili nitashukuru.

LeyaTupu

Mkuu, ukungu umekuangusha kwa sababu unafuta vitu viwili kwa mpigo. Ngozi kwenye picha ina umbo kubwa, yaani vivuli vya mashavu na mabonde ya mikunjo, halafu ina umbile dogo, yaani vinyweleo na vijistari vyembamba. Jicho la mtazamaji linaitambua ngozi kwa lile umbile dogo. Likifutika, hata mikunjo ikibaki yote, mtu ataona plastiki. Likibaki zima, unaweza kupunguza bonde la mkunjo kwa nusu na hakuna atakayegundua.

Kwa hiyo usiuondoe mkunjo, upunguzie kina. Mstari ubaki pale pale ulipo.

Anza na leya tupu juu ya picha, Ctrl+Shift+N. Chukua brashi ya plasta, herufi J, ile ambayo chanzo unakichagua mwenyewe kwa kushika Alt. Achana na ile inayojichagulia, maana kwenye mikunjo iliyosogeleana huchota mkunjo wa jirani na kuuhamishia hapo. Kwenye upau wa juu weka chanzo kiwe "Current & Below", ili brashi isome picha iliyo chini na kuandika kwenye leya tupu. Upana wa brashi uzidi mkunjo kidogo: mkunjo wa pikseli 12, brashi ya 16 hadi 20. Ugumu uwe 70% kwenda juu. Wengi hapa huweka brashi laini kabisa wakidhani ndiyo salama, kumbe zana hii tayari inalainisha kingo yenyewe. Ukiilainisha tena, umbile la chanzo na la mahali unapotibu vinachanganyika nusu kwa nusu pembeni na kuacha ukungu.

Chota karibu, kwenye ngozi ya sehemu ileile na yenye mwanga uleule. Ngozi ya paji haifai shavuni, na ya shavu haifai kabisa chini ya jicho. Piga mipigo mifupi, kila baada ya mitatu au minne chota upya, la sivyo vinyweleo vilevile vitajirudia mstari mzima kama chapa ya kitenge.

Funika mkunjo wote bila huruma. Kisha shusha opasiti (kiwango cha kuonekana) ya leya hadi sifuri, uipandishe polepole, na usimame mara tu uso unapoanza kuonekana umepumzika. Kila eneo liwe na leya yake, kwa sababu hayapandi sawa. Kwa uso wa umri huo mimi huishia karibu na hapa: paji 50%, chini ya macho 40 hadi 50, pembe za nje za macho 30 au pungufu, mstari wa kutoka puani hadi pembe ya mdomo 25, shingo 50. Ni mahali pa kuanzia tu, picha yenyewe ndiyo itakayoamua.

Vitu vya kupita tu unaweza kuviondoa kwa 100%: alama ya mto, mchirizi wa ukavu, na ule mstari ambao kilemba hukandamiza kwenye paji. Hivyo si vya uso wake.

Tahadhari moja kuhusu kilemba. Brashi ya plasta huoanisha rangi na kila kinachoizunguka. Ukipita karibu na kitambaa chekundu itavuta wekundu kwenye paji, na utapata doa usiloelewa limetoka wapi. Kabla ya kugusa ukingo ule, chora seleksheni inayofuata mpaka wa ngozi na kitambaa, pana kuliko eneo unalotibu, ubaki ndani yake. Fanya hivyohivyo kwenye nyusi na ukingo wa midomo. Pakikataa kabisa, tumia muhuri (Clone Stamp, unaonakili bila kuoanisha rangi), herufi S, kwa opasiti ya 20 hadi 30.

Kwenye GIMP zana ni ileile, herufi H, unachota kwa kushika Ctrl. Msaidizi wako afanye kazi juu ya nakala ya leya, Shift+Ctrl+D, badala ya leya tupu, kwa sababu pale zana huoanisha rangi na kilichomo kwenye leya inayoandikwa. Atibu kila kitu kwa ukamilifu kwenye nakala, aipe maski nyeusi, halafu apake weupe kwa opasiti tofauti kila eneo. Matokeo ni yaleyale.

kivuli_na_nuru

Hapo juu pamekaa sawa. Naongeza upande wa ngozi nyeusi, kwa sababu maelekezo mengi yanayozunguka yametengenezwa kwa ngozi nyeupe, na ukiyafuata yalivyo yatakupotosha.

Kwenye ngozi nyeupe mkunjo unaonekana hasa kwa mstari wake wa giza. Kwenye ngozi nyeusi mstari huo uko karibu na rangi ya ngozi yenyewe. Kinachovuta jicho ni mng'aro wa ukingo, ule uzi wa mwanga unaolala juu ya bonde upande wa taa. Ukikazana kuangaza bonde tu, unaongeza weupe mahali ambapo weupe umeshazidi, na uso unaanza kuonekana umepauka kama umepakwa majivu. Tuliza mng'aro kwanza. Hiyo ni zaidi ya nusu ya kazi. Baada ya hapo bonde litahitaji kuangazwa kidogo sana.

Fungua RAW kwanza ushushe Highlights kati ya -30 na -50. Mahali ambapo mng'aro umefika 255 kwenye chaneli zote tatu hakuna umbile lililobaki, na ukipatia giza hapo utapata kiraka cha kijivu. Pakiwa hivyo, hata baada ya kushusha, dawa ni kuleta umbile kutoka jirani kwa brashi ya plasta kabla ya kugusa mwanga.

Kisha tengeneza leya mbili za Curves (zana ya kurekebisha mwanga kwa kuvuta mstari wa mchoro). Ya kwanza ivute katikati ya mstari kwenda juu, 128 iwe 150 hivi, uite Angaza. Ya pili ishushe 128 iwe 105, uite Tuliza. Jaza maski zote mbili rangi nyeusi, Ctrl+I. Brashi, herufi B, laini kabisa, rangi nyeupe, opasiti 100, flo (kiasi cha rangi kinachotoka kwa kila mpigo) 2% au 3%. Upana wake ulingane na mstari unaoutibu: uzi wa mng'aro wa pikseli 6, brashi ya 6. Brashi pana kuliko mstari itatia giza na ngozi nzuri ya pembeni, na badala ya kupunguza mkunjo utakuwa umechora mkunjo mpya ulio mpana zaidi. Pita mara nyingi kwa wepesi. Ukiona badiliko kwa mpigo mmoja, flo yako ni kubwa.

Juu ya kila kitu weka leya ya Black & White na Curves nyingine yenye kontrasti kali. Hizo ni miwani tu, utazizima mwishoni. Bila rangi, macho yanaona mwanga peke yake, na mikunjo ambayo hukuiona itajitokeza, hasa kwenye shavu la upande wa kivuli.

Rangi nayo ina kisa chake. Curves ya kawaida inavuta na rangi: palipoangazwa panaelekea wekundu au machungwa, palipotulizwa panakolea au kufifia isivyo sawa na jirani. Badili leya zote mbili ziwe "Luminosity", hali inayogusa mwanga bila kugusa rangi. Kama bado kuna sehemu imepauka, weka leya tupu ya hali ya "Color", chota rangi ya ngozi ya jirani, paka kwa opasiti 10%. Usipake nyeupe au nyeusi tupu moja kwa moja juu ya ngozi. Nyeupe tupu ndiyo inayoleta yale majivu.

Kazi hii ni kongwe kuliko kompyuta, na nadhani kulijua hilo kunasaidia kuielewa. Enzi za negativu, mrekebishaji alijaza mkunjo kwa penseli ya grafaiti iliyochongwa kama sindano. Mkunjo ambao kwenye karatasi ni mweusi, kwenye negativu ni mwepesi na unapitisha mwanga mwingi. Grafaiti iliupunguza ule mwanga, na mstari ukachapwa ukiwa hafifu. Vinyweleo havikuguswa, mwanga tu ndio uliosawazishwa. Ile flo ya 2% ndiyo penseli yenyewe.

FundiPicha_Moro

Asanteni sana. Paji limetulia vizuri, na kweli kutuliza mng'aro kumefanya kazi kubwa kuliko nilivyotarajia. Yamebaki mawili. Chini ya jicho la kushoto mstari umepungua lakini pamebaki kivuli kama doa la kijivu. Na njia ya leya mbili mmeikwepa, je, haifai kabisa? Wengine huiapia.

LeyaTupu

Maswali yako mawili ni jambo moja.

Mkunjo mzito unaishi kwenye tabaka zote mbili. Una mstari mwembamba, ambao ni umbile, na una kivuli kipana kinachouzunguka, ambacho ni umbo. Brashi ya plasta huchukua umbile la chanzo lakini huoanisha mwanga na rangi na mahali pale pale. Kwa hiyo mstari umeondoka, kivuli kimeachwa, na kivuli kisicho na mstari kinaonekana kama doa au jeraha lililopona vibaya. Tiba ya haraka ni leya ya Angaza hapohapo, brashi ya pikseli 30 hadi 40, flo 1%, mpaka kivuli kifanane na cha jicho la pili. Nasema kifanane na cha jicho la pili, si kiishe. Jicho lisilo na kivuli chochote chini yake huonekana limebandikwa.

Kama doa lina umbile gumu kuliko jirani zake, basi umechota shavuni. Futa hapo, rudia kwa kuchota ndani ya eneo la jicho lenyewe, hata kama ngozi safi iliyopo ni pikseli 15 tu.

Njia ya leya mbili inafaa hasa kwa tatizo kama hili, ila si ya uso mzima. Hatua zake: unganisha kila kitu juu kwa Ctrl+Shift+Alt+E, kisha Ctrl+J upate nakala ya pili. Ya chini ipe Gaussian Blur. Panda polepole usimame pale vinyweleo vinapotoweka tu huku umbo la jicho likiwa bado linasomeka. Kwa uso wenye urefu wa pikseli 1,900 hivi, kama wako, itakuwa radiasi ya 6 hadi 9. Ya juu nenda menyu ya Image, Apply Image, chagua leya ya chini kuwa chanzo. Faili la biti 8: Subtract, Scale 2, Offset 128. Faili la biti 16: Add, weka tiki kwenye Invert, Scale 2, Offset 0. Badili leya ya juu iwe "Linear Light". Picha lazima irudi ilivyokuwa, bila tofauti yoyote. Ikionekana tofauti, umechanganya namba za biti 8 na 16, na hakuna haja ya kuendelea mpaka urekebishe.

Leya ya juu ishughulikie kwa muhuri wenye ukingo mgumu, opasiti 100, chanzo "Current Layer". Leya ya chini zungushia kivuli seleksheni yenye ukingo laini wa pikseli 15 hadi 20, kisha Gaussian Blur ya 15 hadi 20. Seleksheni isiguse kope, kilemba wala taya. Ukungu ukivuka mpaka, weusi wa kope unamwagika kwenye ngozi, na hilo ndilo linalozaa zile nyuso zenye utando kuzunguka macho.

Inaharibika kwa nini mikononi mwa wengi? Kwa sababu leya ya chini ni rahisi kulainisha, mtu analainisha shavu lote, halafu paji lote, na umbile la juu linabaki likielea juu ya ubapa. Vinyweleo vipo lakini uso hauna mifupa. Kwenye skrini ya simu inapendeza. Kwenye A2 inatisha.

GIMP 2.10 kuendelea inayo Wavelet Decompose ndani ya Filters, Enhance. Inagawa picha kwenye tabaka tano na mabaki yake. Vinyweleo viko kwenye tabaka mbili za mwanzo, usiziguse. Mikunjo ya kawaida inakaa ya tatu na ya nne, ndipo msaidizi wako afanye kazi.

Mama_Lenzi

Mwanangu, wamekupa zana zote, ila swali lako la kwanza, mikunjo ipi iachwe, ndilo linaloamua kama familia itamtambua mama yao. Nalijibu hilo.

Umesema anatabasamu. Tabasamu la kweli linaishi machoni. Daktari Mfaransa Guillaume Duchenne alilieleza hilo tangu 1862: msuli unaozunguka jicho hukazana pamoja na ule unaoinua pembe ya mdomo, na hapo ndipo mikunjo ya pembe ya nje ya jicho inapozaliwa. Ukiifuta huku mashavu yameinuka, unabaki na mdomo unaocheka chini ya macho yasiyocheka. Watoto wake hawatajua kasoro iko wapi, watasema tu "si yeye". Iache yote mitatu au minne mikubwa. Punguza vile vijistari vinavyokatiza katikati yake, basi.

Mstari wa kutoka puani hadi pembe ya mdomo hata mtoto mdogo anao akicheka. Ukiuondoa, shavu na mdomo vinaungana na uso unaonekana umevimba. Punguza sehemu ya juu iliyo karibu na pua, ambako giza ni zito zaidi, sehemu ya chini iache ijifie yenyewe.

Ndita za katikati ya nyusi ni habari nyingine. Hizo humfanya mtu aonekane amekasirika au ana maumivu hata akiwa anacheka, kwa hiyo zipunguze kwa ujasiri, 60 hadi 70%. Vijistari vya wima juu ya mdomo wa juu pia, kwa sababu taa ya pembeni huvikuza kuliko vilivyo. Mistari ya paji iliyolala, iache miwili au mitatu ile mirefu, uondoe matawi yake.

Halafu shingo na mikono. Kama mkono wake unaonekana kifuani au umeshika kidevu, uangalie pamoja na uso. Uso wa miaka 55 juu ya mkono wa miaka 70 ni uongo unaoonekana mara moja. Mkono sitaki uufute mishipa yake, nataka usishushe umri wa uso kupita kile ambacho mkono unakiruhusu. Kigezo changu ni miaka mitano, ikizidi sana saba. Aonekane kama alivyokuwa siku moja nzuri, amelala vizuri, si kama alivyokuwa alipoolewa.

Muulize pia mwenye sura yake, si watoto peke yao. Kuna alama ambazo mtu hataki zipotee, kovu la utotoni, chale, kidoti. Hizo hazihesabiwi kuwa kasoro.

Mchapaji_A2

Nasogeza mazungumzo kwenye karatasi, maana ndiko picha inakoenda.

A2 ni sm 42 kwa 59.4. Faili lako la pikseli 4,000 kwa 6,000 linatoa kama pikseli 95 kwa kila sentimita, karibu 240 kwa inchi. Inatosha. Uso wa pikseli 1,900 utatoka sm 20, yaani karibu ukubwa wa uso halisi wa mtu. Mkunjo wa pikseli 12 utakuwa na upana wa milimita 1.3, unaonekana wazi kwa mtu aliyesimama mita moja.

Maana yake kwako: skrini ya kawaida ya pikseli 96 kwa inchi ikikuza 100% inakuonyesha uso mara mbili na nusu ya chapa. Kufanyia kazi 100% ni sawa, kuamua hapana. Kila dakika kumi rudi kwenye ukuzaji wa 40%, ambao ndio karibu na ukubwa wa karatasi, urudi nyuma ya kiti. Mtu anayeamua kwa 200% hufuta mikunjo ambayo hakuna mgeni wa sebuleni atakayeiona, na kila anachofuta kinaondoa uhai kidogo.

Kunoa ndiko kunakorudisha mikunjo uliyoipunguza. Noa macho, nyusi, kilemba, hereni na midomo kwa maski, ngozi iache. Uliza maabara kama mashine yao hurekebisha na kunoa yenyewe, uombe wazime. Na kama sehemu imebaki laini kuliko jirani zake, ongeza chembechembe za 1 hadi 2%, za rangi moja, kwenye leya ya kijivu 50% iliyo katika hali ya "Soft Light". Zinafunga tofauti ndogo za umbile vizuri ajabu.

Karatasi ya mng'aro mkali itaongezea mng'aro wa paji. Chukua ya nusu mng'aro. Kabla ya A2, chapa kipande cha uso peke yake kwa ukubwa halisi kwenye A4. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kurudia A2.

Unapoituma kwa familia waione, usiitume WhatsApp kama picha ya kawaida. Itabanwa, na kubanwa kunafuta umbile dogo, kwa hiyo watakulalamikia plastiki ambayo hukuitengeneza. Itume kama dokumenti.

SimuTu_254

Wakuu, na sisi tulio na simu pekee? Pia kuna mteja anataka mikunjo ipunguzwe kwenye picha ya pasipoti.

LeyaTupu

Kwenye simu, Snapseed. Tumia Healing kwa kukuza hadi mwisho na kugusa kidogokidogo, ufute mikunjo unayotaka kuipunguza, uhifadhi nakala. Kisha fungua picha ya mwanzo, nenda Double Exposure, ongeza ile nakala uliyotibu, na sogeza kitelezi cha uzito hadi karibu katikati. Picha mbili zenye vipimo sawa zitalaliana barabara na mkunjo utakuwa umepungua kwa nusu, sawa na kushusha opasiti ya leya. Usipunguze wala kukata picha yoyote kati ya hizo mbili kabla ya kuziunganisha, zitapishana na utaona nyusi mbili. Ukiwa na Lightroom ya simu, paka brashi juu ya eneo lenye mikunjo na shusha Texture kati ya -20 na -35, Clarity usiizidishe -10. Vichujio vya urembo vya kubofya mara moja viepuke, kwa sababu havipunguzi mikunjo peke yake, vinabana pua, vinapanua macho na kung'arisha rangi ya ngozi bila kukuuliza.

Picha ya pasipoti mkatalie. Uingereza na Marekani zinataka picha isiyobadilishwa kwa programu yoyote, na maombi ya viza za Marekani, pamoja na bahati nasibu ya Green Card, yako chini ya sharti hilohilo. Hasara itakuwa yake, si yako. Rekebisha kwa taa: mwanga sawa kutoka pande zote mbili, na ukuta uliopauka nyuma.

FundiPicha_Moro

Nimewaelewa. La mwisho: Jumamosi nampiga mume wake, miaka 76, vifaa ni vilevile. Taa niipange vipi nisiwe na kazi hii yote tena?

kivuli_na_nuru

Softiboksi yako ina ulalo wa sm 108. Ikiwa mita mbili kutoka usoni, kwa uso ule ni taa ndogo, na taa ndogo iliyokaa pembeni inachimba kila bonde. Isogeze hadi mita moja, ikaribie mstari wa lenzi kiasi cha digrii 30, kitako cha boksi kikiwa usawa wa kidevu. Mwanga utafika wenye nguvu zaidi, ipunguze taa kabla ya kubana lenzi. Weka riflekta nyeupe mbele ya kifua chini ya fremu, sm 50 hivi kutoka kidevuni. Kama huna, shuka jeupe lililokunjwa mara mbili linafanya kazi ileile. Riflekta ya fedha usiitumie, itawasha vimng'aro vipya chini ya macho.

Kabla ya kupiga, mfute paji, pua na mashavu kwa karatasi laini kwa kukandamiza, si kusugua. Poda isiyo na rangi kidogo sana ikihitajika. Mng'aro uliobaki utauhamisha kwa pembe: mwombe ashushe kidevu sentimita mbili, au inua taa kidogo, huku ukitazama paji. Utaona doa la mwanga linateleza kuelekea kwenye nywele. Likitoka katikati ya paji, piga.

Na mkalishe akiwa hatazami dirisha kali. Mzee anayekunja macho kwa ajili ya jua ana mikunjo ambayo si yake, na hiyo hakuna leya itakayoitoa vizuri.